Filta Iking'aa Sana, Samaki Wanakufa

Wiki hii tuziache kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tuingie sebuleni kwa watu tukatazame samaki.

Siku hizi tangi la samaki limekuwa pambo la mjini. Zamani ulikuwa unaliona kwenye mahoteli makubwa na nyumba za vigogo tu. Leo liko saluni, liko baa, liko kwa daktari wa meno, na kwa mwalimu wa Kimara utalikuta limekaa pale palipokuwa na kabati la vyombo. Mgeni akiingia macho yote kwenye kioo. Watoto wanatulia. Hata ugomvi wa baba na mama unapungua makali. Ni starehe nzuri, na mimi sina neno nayo.

Neno langu liko chini ya tangi. Ukifungua mlango wa kabati utakuta kopo la plastiki lenye kimo kama cha ndoo ya lita kumi, lina mipira miwili na waya wa umeme. Hiyo ndiyo filta ya nje, ambayo leo nitaiita filta ya kopo. Bei yake si ya kitoto. Lakini ukimuuliza mwenye nyumba inafanya nini, atakujibu, "Inachuja maji." Basi, ameishia hapo. Na kwa sababu anajua hilo tu, anawaua samaki kwa mkono wake, halafu anamsingizia aliyemuuzia, au jirani mwenye jicho baya.

Kwa muda sasa nimekuwa nikizunguka na fundi mmoja wa matangi. Yeye anabeba ndoo, mimi nabeba daftari. Tuliyoyaona yanatosha kitabu, lakini mhariri kanipa nafasi ndogo, kwa hiyo naanza na lililo kubwa: filta ile si jalala la kukusanyia uchafu. Ni nyumba. Ndani yake wamo wapangaji wanaofanya kazi usiku na mchana ili samaki wako wasife kwa sumu yao wenyewe. Ukiwafukuza wapangaji hao, tandika mkeka wa msiba.

KOPO LINAVYOFANYA KAZI

Umewahi kumwona dereva akinyonya petroli kwa mpira? Akishavuta mara moja, mafuta yanashuka yenyewe kwa sababu dumu liko chini kuliko tangi la gari. Filta ya kopo inaanza hivyo hivyo. Kopo linakaa chini, maji yanateremka kwa uzito wake kupitia mpira wa kwanza. Ndiyo maana ukiliweka kopo juu ya meza, usawa mmoja na tangi, linakugomea.

Maji yakiingia yanapita kwenye vikapu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kwanza sponji ngumu yenye matundu makubwa, inakamata kinyesi, majani na mabaki ya chakula. Halafu sponji laini au pamba, inakamata vumbi. Halafu vipande vya kauri vyenye vitundu vidogo visivyo na hesabu. Wengine wanaongeza mkaa maalumu wa kuondoa rangi na harufu. Kwenye mfuniko kuna mota, na chini yake kipangaboi kidogo chenye sumaku ambacho mafundi wanakiita impela. Hicho ndicho kinachoyasukuma maji yarudi juu kupitia mpira wa pili.

Kampuni ya Eheim ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1949, ni mojawapo ya zile zilizoyapa makopo haya jina duniani. Siku hizi yanatengenezwa na kampuni nyingi, kuanzia Ulaya mpaka China. Majina ni tofauti na rangi ni tofauti, lakini ukiyafungua utaona wote ni mtu na ndugu yake.

WAPANGAJI WASIOONEKANA

Sisi tulioishia kidato cha nne tulikariri mzunguko wa naitrojeni ili tujibu mtihani. Tukachora mmea wa kunde na vinundu kwenye mizizi, tukapata alama zetu, tukasahau. Kumbe somo lenyewe liko ndani ya kopo.

Samaki anatoa amonia, na nyingi inatokea kwenye mashavu yale mekundu anayopumulia. Kinyesi na chakula kilichooza navyo vinatoa amonia. Hiyo ni sumu. Ziwani inapotelea kwenye maji mengi, lakini kwenye tangi la lita 200 haina pa kwenda.

Hapo ndipo bakteria wanapoingia kazini. Kundi la kwanza linaigeuza amonia kuwa naitraiti. Nayo ni sumu bado, kwa sababu inaizuia damu ya samaki isibebe oksijeni. Kundi la pili linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki wanaivumilia mpaka izidi sana. Kwa miaka mingi vitabu vilisema kundi hili la pili ni bakteria wanaoitwa Nitrobacter. Mwaka 1998 mtafiti wa Marekani, Timothy Hovanec, na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye matangi ya maji baridi kazi hiyo inafanywa na wengine, Nitrospira. Na mwaka 2015 ikagundulika kwamba wapo Nitrospira wanaozifanya kazi zote mbili peke yao, mwanzo mpaka mwisho.

Majina hayo usiyakariri, hakuna mtihani. Kariri haya: bakteria hawa hawaelei ovyo kwenye maji, wanashika juu ya kitu. Wanashika kwenye sponji, kwenye kauri, kwenye mchanga. Wanahitaji amonia kama chakula, na oksijeni ya kupumua, na maji yanayopita ndani ya kopo yanawaletea vyote viwili mlangoni. Tena hawazaani haraka kama wale wa maziwa ya mgando. Tangi jipya huchukua wiki 4 mpaka 6 ndipo wawe wa kutosha. Kwa hiyo ule utelezi wa kahawia unaoukunjia pua si uchafu wote. Sehemu yake ndiyo wafanyakazi wenyewe.

MKASA WA TABATA

Jumatatu moja asubuhi tuliitwa nyumba moja Tabata. Kwenye simu mama mwenye nyumba alisema samaki wake wamerogwa. Tulikuta kumi na mmoja wanaelea. Watatu waliobaki walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wanagombea hewa. Maji yenyewe meupe kama yametiwa tui.

Fundi hakuuliza habari za uchawi. Alifungua kabati, akachomoa plagi, akafungua kopo na kuchungulia. Lilikuwa linang'aa! Sponji kama ya dukani, kauri zinanukia limau.

"Mama, nani kaosha hii?"

Dada wa kazi, binti wa kama miaka kumi na tisa, alikuwa amesimama mlangoni anakunjakunja pindo la khanga. Jumamosi mama alikuwa amelalamika kwamba kabati linanuka kama kidimbwi, akamwamuru asafishe kila kitu. Naye akasafisha kwa moyo wote. Alisugua vikapu kwa sabuni ya unga, akasuuza kwa maji ya bomba mpaka povu likaisha, akavianika juani vikauke vizuri, jioni akavirudisha.

Angekuwa anaosha masufuria, angesifiwa mtaa mzima. Lakini hebu tazama: sabuni, klorini ya bomba, jua kali. Ungemtuma mtu awamalize wale bakteria asibaki hata wa mbegu, asingepata njia bora kuliko hiyo. Samaki waliendelea kula na kutoa amonia Jumamosi usiku na Jumapili kutwa, na hapakuwa na wa kuipokea.

Begi la yule binti lilikuwa limeshafungwa. Nauli ya kumrudisha kwao Singida iko mezani, na mshahara wa mwezi ameambiwa ndio fidia ya samaki.

Fundi ni mtu mzima, hana haraka ya maneno. Akamwambia, "Mama yangu, huyu mtoto hana kosa. Umemwambia asafishe, kasafisha. Nani alimwambia kuna kitu humu hakioshwi kwa sabuni?"

Mama hakujibu. Alikaa kwenye kochi, akatazama tangi kwa muda mrefu, akamwambia binti arudishe begi ndani. Fundi alibadilisha nusu ya maji, akakataza chakula, akaweka pampu ya hewa, na kesho yake akaleta sponji chafu kutoka kwenye tangi lake mwenyewe akaipachika ndani ya kopo, mbegu ya wapangaji wapya. Wiki iliyofuata tuliporudi, aliyetufungulia geti alikuwa yule yule binti. Wale samaki watatu nao walikuwa hai.

Nimeyasimulia haya kwa sababu kwenye nyumba nyingi mwenye tangi siye anayesafisha tangi. Mmoja ananunua, mwingine anasugua. Na lawama, si unajua tena, huwa inashuka kama maji ya filta, kwa aliye chini.

KUSAFISHA KWA AKILI

Sasa chukua kalamu. Kwanza kabisa, chomoa plagi. Sisemi uzime swichi, nasema chomoa. Maji na umeme havina urafiki. Funga koki za mipira yote miwili ndipo ulitoe kopo kabatini ulipeleke bafuni au uani.

Vuta maji kutoka kwenye tangi lenyewe ujaze ndoo. Maji hayo uliyokuwa unataka kuyamwaga ndiyo dhahabu, kwa sababu hayana klorini na joto lake ni lile lile walilolizoea bakteria. Chovya sponji humo, minya, chovya, minya. Maji yakigeuka kama chai ya rangi usishtuke. Sponji ikianza kupitisha maji bila kizuizi, acha. Unachotafuta ni njia ifunguke, siyo sponji iwe mpya.

Kauri zitikise kidogo tu ndani ya ndoo hiyo hiyo, tena si kila safari. Pamba itupe, weka nyingine. Mkaa kama unautumia, ubadilishe karibu kila mwezi, maana ukishajaa unabaki kuwa jiwe. Na usibadilishe kila kitu siku moja! Sponji ikichakaa, badilisha moja, subiri mwezi, ndipo uiguse ya pili. Siku uliyosafisha filta usioshe na mchanga na mawe yote. Waachie wapangaji mahali pa kujibanza.

Impela itoe taratibu. Iko kwenye kishimo chake, imeshikwa na kijiti chembamba ambacho kwenye filta nyingi ni cha kauri na kinavunjika kama chaki. Sugua utelezi kwa mswaki wa zamani. Mipira nayo ina utelezi ndani, na huo unapunguza nguvu ya maji kuliko watu wanavyodhani. Ipo brashi ndefu ya waya laini kwa kazi hiyo.

Mara ngapi? Kama samaki ni wachache, kila miezi miwili au mitatu. Kama wamejaa na mnawalisha kama kuku wa nyama, kila mwezi. Kipimo rahisi ni hiki: ukishasafisha, tazama nguvu ya maji yanayotoka. Siku ukiona yamelegea wazi wazi, wakati umefika. Usingoje yakatike.

Maji mapya ya bomba yaache kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24 klorini ipungue, au tumia dawa ya kuiondoa. Kama yametiwa kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi, dawa ni lazima. Maji ya kisima hayana habari ya klorini, lakini visima vingi vya Dar vina chumvi, kwa hiyo yachunguze kwanza. Na kumbuka kwamba filta haiondoi ile naitreti ya mwisho. Hiyo inatolewa kwa kubadilisha maji, kama robo ya tangi kila wiki. Filta nzuri haikupi ruhusa ya kuwa mvivu.

UMEME UKIKATIKA

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Tuliopitia mgawo wa 2006, wa 2011, na ule wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024, tunajua kununua mishumaa na taa za kuchaji. Lakini nani anayekumbuka kopo la kabatini?

Umeme ukikatika, maji ndani ya kopo yanasimama. Bakteria wanaendelea kupumua, na kwa kuwa kopo limefungwa kabisa, oksijeni iliyomo inaisha. Baada ya saa kadhaa wanaanza kufa na kuoza. Maji yanageuka meusi, yananuka kama yai viza. Kisha umeme unarudi, mota inajiwasha yenyewe, na uozo wote unasukumwa kwa samaki kwa mkupuo mmoja.

Kinyozi mmoja wa Magomeni yalimkuta hayo. Umeme ulikatika saa tatu usiku, ukarudi alfajiri saluni ikiwa imefungwa. Alipofungua mlango saa mbili asubuhi alikaribishwa na harufu, na mteja wa kwanza akageuza akaondoka. Kinyozi aliamini umeme ulirudi "na nguvu nyingi" ukawapiga shoti samaki. Wala. Ni kopo lililolala limefungwa usiku kucha.

Dawa yake haina gharama. Umeme ukikatika, chomoa plagi ya filta ili isijiwashe bila wewe kujua. Ikipita kama saa mbili, fungua kopo, toa vikapu, vining'inize ndani ya tangi, au viweke kwenye beseni pana la maji ya tangi ili vipate hewa. Vibaki na unyevu, visikauke. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni rafiki wa kweli. Huna? Chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu mara kwa mara, watoto watafurahia kazi hiyo. Usiwalishe samaki gizani. Samaki mzima mwenye afya anakaa siku kadhaa bila kula, lakini hakai siku bila hewa. Umeme ukirudi, mwaga maji yaliyolala ndani ya kopo, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

IKIGOMA, IKIPIGA KELELE, IKIVUJA

Maji yakitoka kwa unyonge, usikimbilie kwa fundi. Fuata njia ya maji hatua kwa hatua. Tazama chujio la kwenye mdomo wa bomba ndani ya tangi, jani moja linatosha kuliziba. Tazama kama mpira umejikunja nyuma ya kabati. Tazama koki, huenda haijafunguka yote. Halafu sponji. Mwisho impela. Mara nyingi unaipata kesi kabla hujafika mwisho.

Ikinguruma kama pikipiki mbovu, mara nyingi ni hewa ndani. Liinamishe kopo kidogo huku na huku, utaona mapovu yanatoka, kelele inakwisha. Zikirudi, kuna mahali inanyonya hewa: maji ya tangi yamepungua mpaka chini ya mdomo wa bomba, au pampu ya hewa iko karibu nao mno, au kiungo cha mpira kimelegea. Kama ni mlio wa kukwaruza, hapo tafuta mchanga kwenye kishimo cha impela, au kile kijiti kimekatika. Impela na kijiti vinauzwa peke yake, usikubali kuambiwa ununue filta nzima.

Ikigoma kuanza, kumbuka habari ya petroli. Ndani ya mipira kuna hewa. Jaza kopo maji kabla ya kulifunga, fungua koki ya maji yanayoingia, ngoja lijae, ndipo uchomeke plagi. Usiiache izunguke bila maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoipoza na kuilainisha.

Kuvuja sasa. Kati ya kopo na mfuniko kuna mpira wa duara unaoitwa oringi. Punje moja ya mchanga ikikaa hapo, maji yanapata mlango. Ifute, ifute na njia yake, ipake grisi ya silikoni kidogo. Watu wengi wanapaka mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini kwa sababu yako karibu. Waache. Mafuta ya petroli yanaiharibu mipira ya aina nyingi. Oringi iliyokakamaa au kupasuka ibadilishe, na vibanio vya mfuniko vifunge kwa pande zinazotazamana ili ukae sawa. Tone moja leo, kesho zulia limelowa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na waya wa umeme usipande moja kwa moja kutoka kwenye kopo kwenda kwenye soketi. Uache uning'inie chini ya soketi kwanza, kisha upande. Maji yakitiririka juu ya waya yatadondokea sakafuni, hayataingia kwenye umeme. Hili linaokoa watu, achilia mbali samaki.

WANAOFUGA SAMAKI WA KIGOMA

Kuna jambo linanichekesha na kuniuma pamoja. Samaki wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus na frontosa wale wenye nundu kichwani, wanapendwa na wafugaji wa Ujerumani na Marekani, na wamewahi kusafirishwa kutoka kwetu kwa ndege. Hapa nyumbani watu wengi wanaofuga hawajui kwamba samaki hao wanataka filta iangaliwe kuliko wengine wote.

Sababu ni maji yao. Ziwa Tanganyika lina maji yenye alkali nyingi, pH yake ni kati ya 8.6 na 9.2 hivi. Amonia kwenye maji ina sura mbili, moja kali na moja pole. Kwa maji ya joto la nyuzi 25, kwenye pH 7 ile kali haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inapita kidogo asilimia 5. Kwenye pH 9 inazidi theluthi moja! Uchafu ni ule ule, lakini sumu imezidi mara nyingi. Kosa dogo ambalo tangi la maji ya kawaida lingelisamehe, tangi la samaki wa Kigoma halisamehi.

Kule ziwani hakuna kopo, lakini kazi ni ile ile. Mawimbi yanaingiza hewa, mawe ya pwani yamevaa utando wa viumbe wadogo, na maji ni mengi, kina chake kinafika karibu mita 1,470. Wewe unataka kilo mbili za sponji na kauri zifanye kazi ya ziwa zima. Angalau usizifulie kwa sabuni.

UKINUNUA YA MTUMBA

Filta nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa zimetumika nje. Kabla hujatoa hela, geuza mfuniko usome kibandiko. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Ya Marekani imeandikwa volti 110 au 120 na hezi 60. Ukiichomeka hivi hivi utaisikia harufu yake kabla hujaona maji yake. Hata ukitumia transfoma kupunguza volti, hezi zinabaki 50, kwa hiyo mota itazunguka polepole.

Angalia oringi, angalia kijiti cha impela, angalia nyufa kwenye shingo ya kopo. Jaza maji palepale dukani, weka juu ya gazeti kavu, hesabu dakika kumi. Gazeti likilowa, aga vizuri uende zako. Kuhusu ukubwa, tafuta inayozungusha maji ya tangi lako mara nne mpaka sita kwa saa. Tangi la lita 200 litake lita 800 mpaka 1,200. Lakini namba ya kwenye boksi mara nyingi hupimwa kopo likiwa tupu, bila sponji wala kauri, kwa hiyo chukua yenye nguvu kidogo zaidi.

Sasa msomaji wangu, nakupa kazi ya nyumbani. Chukua karatasi, andika kwa herufi kubwa, bandika ndani ya mlango wa kabati: CHOMOA PLAGI. TUMIA MAJI YA TANGI. USITUMIE SABUNI. USIANIKE JUANI. UMEME UKIKATIKA SAA MBILI, FUNGUA KOPO. Kisha muite yeyote anayesafisha nyumbani kwako, awe mkeo, mdogo wako au dada wa kazi, simameni pamoja mbele ya kopo umweleze kwa nini. Dakika tano zinatosha. Ni rahisi kuliko samaki kumi na mmoja, na ni rahisi kuliko kumdhulumu mtu mshahara wake.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutatazama kwa nini mmea wa ndani ya chungu unakufa kila anapohamia mpangaji mpya. Mpaka hapo, wasalimie samaki.